Kulala Kampala na Fedha za Hospitali Mkononi

Askari aliye likizo, anapomleta mtoto mgonjwa Mulago pamoja na mkewe, hushuka katika basi jioni akiwa na barua ya daktari na fedha za hesabu. Tangu Gulu wamesafiri zaidi ya kilomita 300. Mtoto amechoka, na kijana wa kwanza kupokea mizigo anaijua tayari loji ya bei rahisi. Hapo ndipo fedha za dawa huanza kupungua.

Loji zilizo karibu na vituo vya mabasi, kama kile cha Kisenyi, hazina ubaya kwa mtu mmoja atakayeondoka alfajiri, mradi mlango una komeo la ndani na kitanda kina chandarua. Kwa familia ni jambo jingine. Baa ya jirani haizimi muziki mapema, choo ni cha wote, na kila asubuhi hapana budi kulipa nauli ya kwenda hospitali, na jioni ya kurudi. Nauli hizo zikijumlishwa kwa siku tano, chumba rahisi kimekwisha kuwa ghali.

Kwa hiyo yafaa kuuliza kwanza shughuli iko wapi. Mwenye kwenda Mulago na atafute chumba Wandegeya au Kamwokya, ambako hospitali yafikiwa kwa miguu. Wandegeya ina makelele ya wanafunzi wa Makerere, lakini chakula cha jioni ni rahisi: mayai yaliyokunjwa ndani ya chapati, yaitwayo roleksi, hushibisha.

Mwenye kipato cha kadiri, hasa anayekwenda hospitali ya Mengo, iliyoanzishwa mwaka 1897, atapata utulivu katika nyumba za wageni za kilima cha Namirembe. Aulize kama chai ya asubuhi imo katika bei. Ama Sheraton, iliyofunguliwa mwaka 1967 kwa jina la Apolo, na Serena, ambayo zamani ilikuwa Nile Hotel, hizo ni za wale wanaolipiwa na mkutano.

Wengi hufikia kwa ndugu katika kota za Naguru, Nsambya au Mbuya. Ni wema mkubwa, lakini kibanda cha bati, kile ambacho askari wa Uganda hukiita "mama ingia pole", ni chumba kimoja chenye pazia katikati. Mtoto mwenye kukohoa usiku huwanyima usingizi watoto wa mwenyeji na baba yao aendaye lindo. Usiku mmoja au miwili yatosha, na mgeni asije bila sukari na sabuni.

Popote wafikapo, chumba kionwe kabla ya kulipiwa, maji yafunguliwe bombani, na risiti itolewe. Fedha za hospitali azishike mama, mbali na zile za chumba.