Komamanga si mgeni Kasongo

Ndugu mwandishi, hoja yako kwamba komamanga ni tunda la nchi kavu tu, halifai mkoa wetu wa Maniema, inapingwa na historia ya mji wetu wa Kasongo wenyewe. Daktari Sidney Hinde, aliyeingia mji huo pamoja na jeshi la kamanda Mbelgiji Dhanis Aprili 1893, aliandika kuwa walikuta makomamanga, machungwa, mapera na maembe tele. Ni kweli mvua zetu ni nyingi, na komamanga likinyeshewa wakati wa kuiva hupasuka. Lakini kusini huku kiangazi kipo, takriban Juni hadi Agosti, na mti ukipandwa penye mwinuko, maji yasituame, ukapogolewa upepo upite, hasara hupungua. Tupande vipande vya matawi ya mti uzaao vizuri, kwani mche wa mbegu mara nyingi haumfuati mama.

Wapo watakaosema barabara mbovu zimeua soko. Hilo ni tatizo la mfanyabiashara. Mti wa uani hauhitaji lori ili mtoto ale. Pingamizi zito zaidi ni la majirani zetu wa Kabambare: nani apande mti akiwa anakimbia vita? Naliheshimu sana. Hata hivyo, aliyekimbia akakosa msimu amepoteza mahindi yote, ilhali mkomamanga huweza kumngoja miaka.