Maafa Yajapo, Mifugo Nayo Ihesabiwe
Na mwanafunzi wa Kidato cha Nne, Dakhalia

Naomba nafasi kidogo katika gazeti letu niseme juu ya jambo ambalo, kwa maoni yangu, halijapata msemaji, kwa sababu wenyewe linalowahusu hawana ulimi wa kusema. Hao ni ng'ombe, mbuzi, punda na kuku wetu, pamoja na popo wetu wa Pemba. Jambo lenyewe ni kujiandaa kuwaokoa siku ya kimbunga na mafuriko, na fedha ya kazi hiyo itoke wapi.

Watu wengi husema ya kwamba Pemba si nchi ya vimbunga. Maneno haya yana ukweli ndani yake. Kisiwa chetu kipo yapata digrii 5 tu kusini ya Ikweta, na karibu na Ikweta vimbunga ni nadra, kwa kuwa nguvu ya mzunguko wa dunia inayoupindisha upepo ni dhaifu huko. Lakini nadra si kamwe. Tarehe 15 Aprili 1872, katika enzi ya Sayyid Barghash, kimbunga kikubwa kiliipiga Unguja, kikazamisha vyombo bandarini na kung'oa sehemu kubwa ya mikarafuu na minazi. Pemba ilinusurika, na baada ya hapo ndiyo iliyokuwa ghala kubwa ya karafuu. Sisi tumezoea kuisimulia habari hii kama sifa yetu, tukasahau ya kwamba baina ya visiwa hivi viwili pana kiasi cha kilomita 50 tu za bahari.

Wala hayo si mambo ya zamani peke yake. Mwezi wa Aprili 1952 kimbunga kiliipiga pwani ya Lindi. Aprili 2019 kimbunga kilichoitwa Kenneth kilipita Komoro, kikaingia kaskazini ya Msumbiji. Mwanzoni mwa Mei 2024 Hidaya ikafika Mafia, na safari za boti baina ya Dar es Salaam na Unguja zikasimamishwa. Mafia ni kisiwa kama chetu, chenye minazi kama yetu na ng'ombe kama wetu. Tena hata pasipo kimbunga, mvua za masika zatosha kulijaza bonde kwa usiku mmoja.

Sasa tuangalie jinsi tunavyofuga. Kwetu ng'ombe hufungwa kamba. Asubuhi hupelekwa malishoni akafungwa kwenye mti au kigingi, mchana akahamishwa, na jioni akarudishwa. Desturi hii ni njema kwa kulinda mashamba ya watu, lakini siku ya maji huwa mtego. Mnyama aliye huru huogelea au hupanda mlimani. Aliyefungwa hana hila. Masika ya mwaka juzi, katika bonde lililo karibu na kijiji chetu, maji yaliteremka usiku kwa ghafula, na jirani yetu mmoja, mama mjane, akapoteza mbuzi wake wote wanne waliokuwa wamefungwa bandani. Hapana mtu aliyekufa, kwa hiyo hapana aliyekuja kuandika lolote. Lakini mtoto wake aliyekuwa akikaa dakhalia hakurudi skuli muhula uliofuata, maana mbuzi wale ndio waliokuwa nauli yake, madaftari yake na sare yake. Basi mtu akiniambia ya kwamba mbuzi ni mbuzi tu, mimi huukumbuka ule mkeka uliobaki mtupu.

Labda msomaji atasema, "Kwanza tuwaokoe watu, wanyama baadaye." Nami nakubali ya kwamba roho ya mwanadamu ndiyo ya kwanza. Lakini mara nyingi haiwezekani kumwokoa mtu ukakiacha kile ambacho yeye hawezi kukiacha. Mwaka 2005, kimbunga Katrina kilipoipiga New Orleans katika nchi ya Marekani, wako watu waliokataa kutoka majumbani kwao kwa sababu walikatazwa kufuatana na mbwa na paka wao. Mwaka uliofuata, yaani 2006, Bunge la nchi ile lilipitisha sheria ya kuwataka wenye kupanga uokozi wawahesabu na wanyama wa nyumbani. Ikiwa mtu hukataa kumwacha paka, je, mkulima wa Pemba atamwacha ng'ombe ambaye ndiye benki yake? Atarudi bondeni kumfungua, na maji yatawachukua wote wawili.

Tutazame pia Bangladesh, nchi ya watu maskini wanaokaa mahali pa tambarare kando ya bahari. Kimbunga cha Novemba 1970 kiliua watu laki nyingi huko, na ng'ombe laki nyingi pia. Baada ya msiba ule walianza kujenga vilima vya udongo, viitwavyo killa, ili watu na mifugo wapate mahali pa juu pa kukimbilia. Walijua ya kwamba mkulima aliyepona bila ya ng'ombe wa kulima huponea njaa.

Sisi Mungu ametupa vilima bila ya kuvijenga. Kwa hiyo kazi yetu ni nyepesi, na gharama yake si ya kutisha. Mimi naona mambo manne yangetosha kwa kuanzia. La kwanza, kila shehia ichague uwanja wake wa juu, isafishe njia ya kuufikia, na ijenge hapo banda lenye paa madhubuti. La pili, sheha awe na daftari ya mifugo, ajue ni nani ana nini, na nani ni mzee au mgonjwa asiyeweza kumhamisha mnyama wake peke yake. La tatu, iwepo akiba ya majani makavu, chumvi, dawa na chanjo, kwani maafa hayamaliziki siku maji yanapokauka. Mvua kubwa za mwaka 2006 na 2007 zilifuatwa na Homa ya Bonde la Ufa huko Tanzania Bara, na homa ile huua mifugo na watu pia. La nne, Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitoa onyo, pawe na vijana waliokwisha pangwa wa kupita nyumba kwa nyumba, na amri ya kwanza iwe ni moja: kata kamba.

Hapo nitakuwa sijamsahau popo wa Pemba, ambaye hapatikani mahali pengine popote duniani. Hana mwenyewe wa kumlilia, wala hauzwi sokoni. Katika miaka ya 1980 wataalamu walihofu ya kwamba anatoweka. Watu wa Kidike na vijiji vingine walimlinda, na hesabu ya mwaka 2007 ikakuta yapata 20,000. Lakini mnyama wa kisiwa kimoja anaweza kumalizwa na upepo wa siku moja. Katika kisiwa cha Rodrigues, kilicho chini ya Morisi, kimbunga cha mwaka 1979 kiliwaacha popo wa huko wapatao 70 tu. Walipona kwa kulindwa na kwa kupandiwa miti, na sasa wanahesabika kwa maelfu. Basi kupanda miembe na mikuyu katika mahali mbalimbali, ili upepo ukiangusha msitu mmoja pasikose mwingine, nako ni kujiandaa na maafa.

Swali kubwa ni fedha. Desturi yetu ni kuchanga baada ya msiba, na watu wa Pemba ni wepisi wa kutoa wakimwona mwenzao analia. Hiyo ni tabia njema sana. Lakini mchango wa baada ya msiba hununua mbuzi mpya kwa bei kubwa, nao wa kabla hununua kamba, chanjo na mabati kwa bei ndogo. Wenzetu wa Kenya wamekwisha liona jambo hili. Mwaka 2015 serikali yao ilianzisha bima ya mifugo kwa wafugaji wa nchi kavu kama Wajir na Turkana: satelaiti hutazama malisho kutoka juu, na majani yakipungua kupita kiasi, fedha hutolewa ili mfugaji anunue chakula cha mifugo kabla haijafa. Kwao adui ni ukame na kwetu ni maji na upepo, lakini somo ni lile lile.

Haya tufanye hesabu. Ikiwa shehia ina nyumba 100 zenye mifugo, na kila nyumba ikatoa shilingi 1,000 kwa mwezi, kwa mwaka zitapatikana shilingi 1,200,000. Hizo hazijengi kila kitu, lakini huanza. Nayo Serikali, kwa mkono wa Kamisheni ya Kukabiliana na Maafa, na iongeze sehemu yake kwa kila shehia iliyokwisha weka ya kwake. Wenye hoteli na ndugu zetu walioko ng'ambo pia waombwe. Lakini sharti moja lisivunjwe: daftari ya fedha isomwe mbele ya watu wote kila miezi mitatu, mapato na matumizi. Watu hawachoki kutoa. Huchoka kutoa wasijue kilikwenda wapi.

Na sisi wanafunzi tusingoje kuwa wakubwa. Katika likizo hii kila mmoja wetu anaweza kwenda kwa sheha wake, akajitolea kuandika daftari ya mifugo ya kijiji chake. Kazi hiyo haitaki fedha, yataka kalamu na miguu. Walimu wetu wa Jiografia na Bayolojia wakituongoza, skuli moja tu ingeweza kuleta daftari za shehia nyingi.

Enyi wazazi wetu, nyinyi mmetusomesha kwa maziwa na kwa mbuzi mliowauza. Mlango wa masika hubisha hodi kila mwaka mwezi wa Machi. Ufa huu ni mdogo bado. Tuuzibe kabla hatujaambiwa tujenge ukuta.