Tusilazimishwe Kusema Amina: Ilani ya Wasioamini wa Nyanungu

Sisi tunaotoa ilani hii ni wakazi wa Nyanungu na kata jirani za Tarime na Serengeti. Kati yetu wamo walimu, vijana wa bodaboda, wakulima wa mahindi na mihogo, mchimbaji mdogo aliyerudi kutoka Nyamongo, na mama anayeuza chai na chapati gulioni. Tumelelewa na Wakatoliki, na Wasabato, na Wamenonite, na wazee wa mila. Hatuamini kwamba yupo Mungu anayesikia maombi, wala hatuamini kwamba mizimu hupanga nani augue na nani apone. Kila mmoja alifika hapo kwa njia yake: wengine kwa kusoma, wengine kwa kuzika mtoto waliyemwombea usiku kucha. Tumenyamaza muda mrefu. Leo tunasema, kwa sababu kunyamaza kwenyewe kumekuwa aina ya uongo, na uongo huo tunadaiwa kila wiki.

Hakuna anayetupiga. Shinikizo linakuja kwa upole, kwa salamu. Mgeni akifika kijijini, baada ya kuulizwa ametoka wapi, huulizwa anasali wapi. Hakuna anayeuliza kama anasali. Mwalimu mpya asipotokea kanisani Jumapili mbili, ya tatu atatembelewa. Binti akisema haendi tena kwenye maombi, mama yake ataitwa pembeni na kuambiwa mtoto ameingiliwa na pepo. Kijana akitaka kuchumbia ataulizwa cheti cha ubatizo kabla ya ng'ombe. Basi mtu anajifunza kusogeza midomo wakati wa sala. Anafunga macho wenzake wanapofunga. Anatoa sadaka ili asisemwe. Wapo miongoni mwetu wanaoishi hivyo hadi leo, na waume au wake zao hawajui.

Tutaje jambo lililotuuma kuliko yote. Alifariki mzee mmoja ambaye kwa miaka mingi alikuwa ameacha kusali na hakulificha hilo. Jeneza lilikuwa limewekwa chini ya turubai, kaburi limeshachimbwa nyuma ya nyumba, udongo mwekundu umerundikwa pembeni, akina mama wameinjika masufuria ya ugali. Kiongozi mmoja wa dini akafungua daftari la michango na kusoma, mbele ya waombolezaji, miaka ambayo marehemu hakulipa. Sala haingeanza mpaka deni liishe. Mtoto wa marehemu alitoka, akauza mtamba kwa jirani papo hapo kwa bei ya hasara, akarudi na fedha mkononi. Ndipo ibada ikaanza, na katika mahubiri tukaambiwa kuwa mzee alimrudia Bwana siku zake za mwisho. Hakumrudia. Sisi tuliomuuguza tunajua alisema nini siku zile: aliulizia mahindi, akaulizia wajukuu, akaomba wasigombanie shamba. Hayo yalikuwa maneno ya mtu mwema, na hayakusomwa.

Hatutaji kanisa wala jina, kwa sababu shabaha yetu si mtu. Shabaha yetu ni desturi inayofanya msiba uwe mahali pa kudai.

Sheria iko upande wetu, na tunataka kila mwenyekiti wa kitongoji alijue hilo. Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977, katika ibara ya 3, inasema nchi hii haina dini. Ibara ya 19 inampa kila mtu uhuru wa mawazo, wa imani na wa uchaguzi katika mambo ya dini, pamoja na uhuru wa kubadilisha dini au imani yake. Mwenye uhuru wa kutoka katika dini moja hakupewa sharti la kuingia katika nyingine. Mwalimu Nyerere, mtoto wa mkoa wetu huu wa Mara, alikuwa Mkatoliki wa misa za alfajiri, na Jimbo la Musoma lilianza mwaka 2005 safari ya kutaka atangazwe mtakatifu. Mtu huyo mwenye imani kiasi hicho ndiye aliyesimamia kwamba serikali haina dini ingawa watu wake wanazo. Baada ya sensa ya 1967, hakuna sensa nyingine iliyomuuliza Mtanzania dini yake, hata ile ya 2022. Kama karani wa sensa haulizi, kwa nini fomu ya kumwandikisha mtoto shule iulize? Kwa nini shahidi mahakamani, kabla hajasema alichokiona, aulizwe dini yake? Sheria ya viapo inamruhusu mtu kuthibitisha bila kuapa kwa Mungu. Wengi wetu tumeapa kwa jina tusiloliamini kwa sababu hakuna aliyetuambia kuwa ipo njia nyingine, na tuliogopa kuuliza mbele za watu.

Ndugu zetu waumini wanatuambia kuwa tunaacha njia ya mababu. Tuwakumbushe kwa heshima njia hiyo ilivyopita. Wamisionari wa Kimenonite walifungua kituo chao Shirati mwaka 1934. Wamisionari wa Kikatoliki walikuwa wakijenga vigango vyao katika miaka hiyohiyo na iliyofuata. Mkurya wa kizazi kile aliyekataa kushika nyama ya tambiko ili afuate kitabu cha wageni aliwavunja moyo wazazi wake. Aliambiwa amelaaniwa. Aliambiwa mvua itakatika kwa ajili yake. Alisimama peke yake katika boma la baba yake akasema hapana, na leo wajukuu zake wanajaza makanisa. Kila kanisa lililoko Tarime limejengwa juu ya haki ya mtu kuacha imani aliyozaliwa nayo. Haki ile ile ndiyo tunayoidai. Haiwezi kuwa takatifu kwa babu aliyeingia na kuwa dhambi kwa mjukuu anayetoka.

Na mila nazo zina nguvu zake hapa, tusijidanganye. Asiyeamini wa Nyanungu anabanwa na pande mbili. Upande mmoja kuna mimbari, upande wa pili kuna inchama, baraza la siri la wazee ambalo neno lake kuhusu laana linaogopwa hata na wenye shahada. Tunawaheshimu wazee. Iritongo, baraza la hadhara, limesuluhisha ugomvi wa mipaka na mifugo ambao mahakama ingeuchukulia miaka. Lakini inapofika saro, yaani msimu wa tohara, na wasichana wakaambiwa kwamba asiyekeketwa ataleta mkosi katika ukoo, hapo hatuna heshima ya kutoa. Ukeketaji wa msichana aliye chini ya miaka 18 ni kosa la jinai tangu sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998, na unaendelea kwa sababu ya hofu ya kitu kisichoonekana. Sisi tusioogopa kitu hicho tuna wajibu wa kuwa wa kwanza kusimama mlangoni. Tunasema wazi pia kwamba tutasimama bega kwa bega na masista wa Kikatoliki wa Masanga, ambao waliwafungulia mlango wasichana wanaokimbia kisu wakati wengi wetu tulikuwa tunajifungia ndani. Tunatofautiana nao juu ya mbingu. Juu ya msichana yule hatutofautiani hata kidogo.

Tunaambiwa tena kwamba asiyemwogopa Mungu hana kinachomzuia kufanya uovu. Tazameni historia yetu wenyewe. Koo zetu zimeshikiana mishale kwa sababu ya ng'ombe na ardhi, na waliopigana walikuwa na majina ya ubatizo. Hatusemi dini iliwatuma. Tunasema hofu ya Mungu haikuwazuia, na kwamba jirani asiye na dini apimwe kwa anavyolipa deni, anavyomtunza mzazi, anavyoacha mpaka wa shamba pale ulipo.

Kuna sababu nyingine ya kutokubali kunyamaza, na hii inahusu maisha ya watu. Mwaka 2011, ng'ambo ya pili ya Serengeti, katika kijiji cha Samunge huko Loliondo, mchungaji mstaafu Ambilikile Masapila alisema ameoteshwa na Mungu dawa ya magonjwa sugu, ukimwi na kisukari vikiwemo. Kikombe kilikuwa shilingi 500. Magari yalipanga foleni ya kilomita nyingi, viongozi wakubwa wakanywa, na watu wa Mara nao wakaenda. Wagonjwa walifia kwenye foleni. Wapo waliorudi wakaacha dawa za hospitali kwa kuamini wamepona. Aliyeuliza siku zile dawa imepimwa na nani aliitwa mpinga Mungu. Miaka 12 baadaye, katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi nchini Kenya, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu waliohubiriwa kufunga hadi kufa. Waumini wengi walilia pamoja nasi kwa habari hiyo, na hatuwabebeshi mzigo wa Shakahola. Tunachotaka ni kijiji ambamo mtu anaweza kuuliza swali kabla ya kaburi kuchimbwa, bila kuonekana adui.

Basi haya ndiyo tunayoyataka, na tutayafuatilia ofisi kwa ofisi. Mtoto ambaye wazazi wake hawana dini asisukumwe kuchagua mstari wa dhehebu wakati wa kipindi cha dini. Apewe kitabu akae asome. Sehemu ya dini katika fomu iruhusiwe kubaki wazi. Ndoa ya bomani, ambayo Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaitambua sawa na ya kanisani na ya msikitini, isiitwe uhawara na viongozi wetu majukwaani. Marehemu asiye na dini azikwe na familia yake kwa maneno ya kweli, na familia hiyo isitengwe. Na anayegombea uenyekiti wa kijiji aulizwe habari za maji, barabara na mipaka ya hifadhi, si anasali wapi.

Nasi tunajifunga. Hatutadharau kitabu cha mtu wala kuvuruga ibada. Sheria ya kanuni za adhabu inakataza, na hata isingekataza, tusingefanya. Tutachimba makaburi ya waumini, tutachangia misiba yao, tutakaa kimya kwa adabu wanaposali. Hatutamtaja mtu yeyote asiyetaka kutajwa. Kwa mwanafunzi anayelipiwa ada na kanisa au na mjomba mwenye msimamo mkali, ushauri wetu ni huu: soma kwanza, maliza, simama kwa miguu yako. Hakuna anayekudai ushujaa. Sisi wakubwa tutayasema haya kwa niaba yako mpaka utakapoweza kuyasema mwenyewe.

Hatuko peke yetu. Hapa nchini kuna Jichojipya, kikundi cha Watanzania wanaotetea fikra huru. Kasese, Uganda, kuna shule ya msingi ya kibinadamu iliyoanzishwa na Robert Bwambale mwaka 2011, inayofundisha watoto wa dini zote na wasio na dini. Kenya, chama cha wasioamini kilisajiliwa Februari 2016, na miezi michache tu ikapita usajili ukasimamishwa kwa malalamiko ya viongozi wa dini. Hawakukata tamaa, wakaenda mahakamani. Sensa ya Kenya ya 2019 ilihesabu watu 755,750 wasio na dini. Huenda baadhi yao ni Wakurya wenzetu, ng'ambo ya mpaka.

Nasi tutaomba usajili kwa Msajili wa Jumuiya katika Wizara ya Mambo ya Ndani, ofisi ileile inayosajili makanisa. Tukikataliwa tutaomba sababu kwa maandishi, na tutakata rufaa.

Wachungaji, makatekista, masheikh, na ninyi wazee wa inchama: tunaomba kikao. Chagueni mahali, iwe shuleni, ofisi ya kata au chini ya mti wenu wa mikutano. Hatuji kubatiza mtu wala kubatizwa. Tunakuja na mambo mawili ya kuzungumza: namna ya kuwazika watu wetu, na namna ya kuwalinda wasichana. Tunaomba kikao hicho kifanyike kabla ya Desemba, msimu wa tohara haujaanza.