Tusi la taahira linampiga asiyekuwepo

Mwenzenu nilipotea kidogo, testi tatu ndani ya wiki moja si mchezo, na boom lenyewe limeshakata zamani. Leo nilitaka kuwaandikia habari za foleni ya kafeteria lakini kuna kitu kimenikaa kooni tangu Jumanne, acha nikiteme kwanza.

Jumanne jioni tulikuwa kimbwetani watu sita, tunajisomea somo la upimaji na tathmini. Jamaa yetu mmoja hesabu za takwimu zikamgomea. Akakosea mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mwenzetu mwingine akamwambia, "Kwani we taahira?" Tukaangua kicheko. Na mimi ninayejifanya kuandika leo sikucheka tu, nikaongeza na langu: "Mpelekeni kitengo maalumu huyo!" Kicheko kikazidi.

Dada mmoja hakucheka. Akafunga daftari lake, akasema "Kesho basi", akaondoka. Tukajua kachoka.

Jumatano nilipomuuliza akaniambia. Kwao kuna mdogo wake wa mwisho, wa kiume, ana miaka 14, amezaliwa na hali inayoitwa sindromu ya Down. Anaosha vyombo, anawajua majirani wote kwa majina, na dada yake akirudi likizo yeye ndiye wa kwanza kukimbilia begi. Ila njiani watoto hawamwiti kwa jina lake. Wanamwita lile tulilolitumia sisi Jumanne. Halafu akamalizia hivi: "Mtaani nimeshalizoea. Sikutegemea kulisikia kwa watu wanaosomea ualimu."

Jamani, nilikosa cha kujibu.

Sasa tujiulize wenyewe. Unapomwambia rafiki yako taahira, zezeta, punguani, au "una mtindio wa ubongo", unakuwa umemwambia nini? Wewe unajua hana ulemavu, naye anajua. Kwa hiyo tusi halimpigi yeye. Atacheka, atafuta, atakokotoa upya, na huenda kwenye UE akakupita. Lakini ili tusi lifanye kazi lazima kuwe na mtu wa kumfananisha naye, mtu ambaye wote mliokaa hapo mmekubaliana kimyakimya kuwa thamani yake iko chini kabisa. Mtu huyo hakuwepo kimbwetani. Yuko nyumbani anaosha vyombo, anahesabu siku dada yake arudi. Yeye ndiye aliyepigwa.

Na tunapiga bila hata kumjua tunayempiga. Kwanza tunachanganya ugonjwa wa akili na ulemavu wa akili. Ugonjwa wa akili unaweza kumpata mtu yeyote katika umri wowote, na una dawa na tiba zake. Ulemavu wa akili huanza kabla ya mtu kufikia utu uzima, na unamfanya apate shida katika kujifunza, kufikiri, na kuyamudu mambo ya kila siku kama kutunza fedha au kusafiri peke yake. Hauonekani kwa kukosea swali moja. Hata wataalamu hawaishii kwenye kipimo cha akili cha alama 70 na kushuka, wanaangalia pia huyu mtu anaishije nyumbani na mtaani. Tumefundishwa haya kwenye saikolojia, wengine tumeyajibu kwenye mtihani tukapata A, halafu tukitoka mlangoni tunayasahau.

Pili ni sababu zake. Sindromu ya Down inatokana na nakala moja ya ziada ya kromosomu namba 21, na hilo limejulikana tangu 1959. Wengine wanapata ulemavu wa akili kwa sababu walikosa hewa wakati wa kuzaliwa, au walipata manjano kali wakiwa wachanga bila kutibiwa, au malaria kali iliyofika kwenye ubongo, au homa ya uti wa mgongo. Wengine ni mama zao walikosa madini joto wakati wa ujauzito. Sasa niambieni, kati ya hayo lipi ni kosa la mtoto? Lipi ni la kuchekwa? Wangapi kati yetu tuliugua malaria kali utotoni, tukapona kwa sababu tu zahanati ilikuwa karibu?

Najua watakaonijibu. Nimeshajibiwa tayari chumbani na rumeti wangu, kwa hiyo ngoja nizipitie hoja zake moja moja.

Hoja ya kwanza: "Ni utani tu." Hapana kaka. Sisi utani tunaujua, tumekulia humo. Mnyamwezi anamtania Mzaramo mpaka msibani, lakini Mzaramo naye kesho yake anarudisha, tena kwa riba. Utani una kurudishiana. Yule kijana wa miaka 14 atakurudishia nini, na lini? Mkimcheka mtu asiyeweza kuwarudishia, huo sio utani tena, ni uonevu.

Hoja ya pili: "Mkibadilisha neno, hilo jipya nalo litageuka tusi." Hapa rumeti ana pointi, na historia iko upande wake. Mwaka 1910 mwanasaikolojia wa Marekani, Henry Goddard, alilitunga neno "moron" liwe la kitaalamu kabisa. Leo ni tusi. Baadaye wakaja na jina lililomaanisha akili iliyochelewa, wakiona ni la heshima zaidi. Nalo likaishia kwenye midomo ya watoto wa shule kama tusi, mpaka mwaka 2010 sheria ikapitishwa huko Marekani kuliondoa kwenye sheria za serikali ya shirikisho na kuweka "ulemavu wa akili" mahali pake. Kwa hiyo nakubali, neno jipya peke yake halitoshi. Ukibadilisha chupa ukaacha sumu ileile ndani, umefanya nini?

Lakini hiyo haimaanishi tukae tu. Watoto wenye sindromu ya Down zamani waliitwa duniani kote kwa jina lililotokana na watu wa Mongolia, eti sura zinafanana. Mwaka 1961 wanasayansi waliandika kwenye jarida la The Lancet kulipinga, na mwaka 1965 Shirika la Afya Duniani likaacha kulitumia baada ya ujumbe wa Mongolia kulalamika. Angalieni hapo. Wamongolia walikuwa na nchi, walikuwa na ujumbe, walikuwa na kiti kwenye mkutano. Wakasema inatuuma, wakasikilizwa. Mtoto anayeitwa zezeta kichochoroni hana ujumbe wa kumtetea. Ana mama yake, na dada yake aliyefunga daftari akaondoka.

Na Kiswahili chetu kimeshaonyesha kwamba kinaweza. Wazee wetu walisema kilema na vilema, kwenye ngeli ileile ya viti na vijiko. Ikaja mlemavu. Sasa tunasema mtu mwenye ulemavu, yaani mtu kwanza, ulemavu baadaye. Sheria yetu ya mwaka 2010 inaitwa Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, haiitwi sheria ya vilema. Jirani zetu wa Kenya wameliweka hadi kwenye katiba yao ya mwaka huohuo 2010, ibara ya 54, kwamba mtu mwenye ulemavu ana haki ya kuitwa na kutajwa kwa namna isiyomdhalilisha. Kwa hiyo tusiseme lugha ndiyo ilivyo. Lugha ni sisi.

Hoja ya tatu hakuitoa rumeti, niliitoa mimi mwenyewe nikijaribu kumfariji yule dada. Nikamwambia, "Ni kweli, hujafa hujaumbika." Akaniangalia tu. Baadaye nikaelewa. Methali hiyo tunaipenda lakini ndani yake kuna woga: usimcheke, usije ukawa kama yeye. Ina maana kama ningehakikishiwa kwamba kamwe halitanipata, basi ruksa kucheka? Mtoto yule hahitaji nimwogope Mungu kwa ajili yake. Anahitaji nimhesabu kuwa mtu, basi.

Sasa nifike pale panaponiuma zaidi, maana nisingependa muone namsema mtu mwingine.

Mwaka jana kwenye mazoezi ya kufundisha nilipangiwa kidato cha kwanza. Kulikuwa na kijana anakaa nyuma kabisa, mkimya, ukimuuliza anatazama dawati. Wiki ya pili nikawa namwita "yule zezeta wa nyuma". Sio mbele yake, hapana, nilikuwa mstaarabu! Nilimwita hivyo ofisini kwa walimu, na hakuna aliyeshtuka. Wiki ya tano nikiwa nimechoka nikauliza swali kwa Kiswahili. Akanyoosha mkono. Akaeleza vizuri kuliko nilivyoeleza mimi.

Miaka saba ya shule ya msingi alisoma kwa Kiswahili, amefika sekondari Januari kila kitu Kiingereza, na mimi badala ya kuuliza tatizo ni nini nilishatoa jibu. Neno langu lilinipa ruhusa ya kutomfundisha. Ndivyo yanavyofanya kazi haya maneno kwa mwalimu. Yanafunga faili. Huangalii tena kama mtoto anasikia vizuri, anaona ubaoni, amekula asubuhi, au anaelewa lugha unayoongea.

Ila msinielewe vibaya hapa, maana na mimi mwanzoni nilijielewa vibaya. Nilidhani kosa langu lilikuwa kumpa lile neno mtoto ambaye hakustahili, kwa sababu kumbe ana akili. Hapana. Hata kama angekuwa na ulemavu wa akili kweli, bado asingestahili. Huyo ndiyo kabisa angehitaji mwalimu wa kukaa naye, kumpunguzia hatua, kurudia, kumwonyesha kwa mikono. Kuna watu wanasomea kazi hiyo pale Chuo cha Ualimu Patandi, Arusha, na kuna walimu wanaifanya kila siku kwenye vitengo vya shule zetu za msingi, wakati sisi tunakitumia "kitengo" kama kichekesho. Mzazi anayemficha mtoto ndani tunamlaumu sana kwenye insha zetu. Lakini yule mzazi anajua jina gani linamsubiri mtoto wake getini, na anajua kuwa wengine wanaolitamka ni walimu.

Mnaosomea ualimu, nawaomba jambo moja tu, tena dogo. Mwenzako akikosea mwambie umekosea. Kama hajasoma mwambie hujasoma. Kama ni mzembe, mwambie mzembe, Kiswahili hakina uhaba wa maneno ya kumsema mtu kwa kosa lake mwenyewe. Usiazime maisha ya mtoto wa mtu mwingine kuyafanya fimbo.

Yule dada nimemwomba msamaha. Akasema yameisha, ila jana hakuja kimbwetani, kasema anasoma chumbani. Jamaa aliyetamka lile neno nilipomweleza alisema nimeanza ulokole. Sijui nitamshawishi vipi. Ila jana ilipomponyoka tena, tulikuwa wawili ambao hatukucheka, na akageuka kutuangalia.

Haya, kesho asubuhi nina semina na sijaandaa kitu. Naomba kuwasilisha. Tukutane wiki ijayo panapo majaliwa, na ile foleni ya kafeteria nitawasimulia.