Mashine ya picha tunayo, wa kuusoma moyo wa mtoto je?

Mtoto wa dada yangu alikuwa akinyonya kidogo, anaacha, anahema, jasho likimtoka kipajini. Ana miezi minne. Zahanati tulikwenda mara tatu, na zote tatu tukaambiwa ni kifua. Bibi yake akasema ni kijicho, akamfunga hirizi. Sikumcheka, maana hata sisi tunaojidai tumesoma hatukuwa na jibu bora.

Jibu lilitoka kwenye eko, yaani picha ya moyo inayopigwa kwa mawimbi ya sauti. Haina sindano wala miale. Mtoto hupakwa ute wa baridi kifuani, na moyo huonekana papo hapo ukipiga. Damu inayokuja upande wa kifaa huonyeshwa kwa rangi nyekundu, inayokwenda mbali kwa buluu. Kwa huyu wetu rangi zilivuka pasipo njia: tundu kwenye ukuta baina ya vyumba viwili vya chini.

Watoto wanaozaliwa na hitilafu za moyo ni karibu 1 kwa kila 100. Basi si laana ya ukoo wa mtu.

Tangu 2013 hospitali nyingi za umma ziko mikononi mwa kaunti, na viongozi wetu wanapenda sana kukata utepe mbele ya mashine. Lakini mashine ya kumtazama mja mzito haitoshi kwa kifua cha kichanga, ambaye moyo wake hupiga zaidi ya mara 100 kwa dakika. Panahitajika kifaa kidogo cha kumfaa, na zaidi ya hicho, mtu aliyefunzwa kuusoma moyo wa mtoto. Huyo ndiye adimu. Mama wa Kizingitini au Hola anatafuta nauli, malazi na wa kumwachia wanawe wengine, apate picha ya nusu saa.

Na kungoja kuna gharama. Tundu likiwa kubwa, damu hufurika mapafuni, mishipa ya huko hukakamaa, na hufika wakati upasuaji hauwezekani tena.

Makadirio ya bajeti hufikishwa bunge la kaunti kabla ya Aprili kwisha. Mwakilishi wenu akija barazani kuhesabu mashine alizoleta, muulizeni ni wangapi wamepelekwa kusomea eko ya watoto, na wanarudi lini.