Shekilango Bila Magari kwa Saa Nne

Januari 2019, James Macharia, aliyekuwa Waziri wa Uchukuzi wa Kenya, alitangaza kwamba kuanzia Februari mosi magari yatazuiwa katikati ya jiji la Nairobi kila Jumatano na Jumamosi. Lengo lilikuwa kupunguza msongamano. Mpango ule uliahirishwa kabla haujaanza, na hadi leo haujatekelezwa. Tangu hapo, kila anayependekeza kufunga barabara kwa ajili ya watembea kwa miguu na waendesha baiskeli katika miji yetu hujibiwa kwamba Nairobi walijaribu wakashindwa.

Nairobi hawakujaribu. Walitangaza, basi. Na tangazo lenyewe lilibeba sababu za kuanguka kwake: lilichagua siku za kazi na biashara, likalenga kitovu cha jiji ambako matatu nyingi hukomea, likampa mwananchi chini ya mwezi mmoja kujiandaa, tena bila kumwonyesha basi litakalomfikisha kazini. Mtu aliyezoea kushukia karibu na duka lake aliliona kama adhabu, na ni vigumu kumlaumu.

Mji uliofanikiwa katika jambo hili ulianza kinyume kabisa. Desemba 1974, waendesha baiskeli wa Bogotá, Kolombia, walipata ruhusa ya kutumia barabara za katikati kwa saa chache, wakipinga jinsi magari yalivyolimeza jiji. Kutoka hapo ikazaliwa Ciclovía. Leo, kila Jumapili na sikukuu, kuanzia saa moja asubuhi hadi saa nane mchana, zaidi ya kilomita 100 za barabara huachiwa watu. Haikufika huko kwa siku moja. Ilikuwa fupi zaidi kuliko leo hadi katikati ya miaka ya 1990, Guillermo Peñalosa aliposimamia bustani na michezo ya jiji na kuirefusha mara kadhaa.

Ninachokithamini zaidi katika Ciclovía ni jinsi inavyoendeshwa, kuliko urefu wake. Penye barabara pana, upande mmoja hufungwa na ule wa pili hubaki na magari. Kwenye makutano wapo vijana wenye sare wanaosimamisha watu kwa zamu ili magari yakatize. Pembeni hukaa wauza juisi na mafundi wa kujaza upepo. Saa nane ikifika, vizuizi huondolewa na magari hurudi. Dereva anajua, mgonjwa anajua, muuza matunda anajua, na kwa sababu Jumapili ijayo ni vilevile, hakuna anayeshtukizwa.

Wapo watakaosema Bogotá ni mbali. Basi tuitazame Kigali. Tangu 2016 jiji lile limekuwa na asubuhi za Jumapili bila magari, kwanza mara moja kwa mwezi, kisha mara mbili kuanzia 2018. Watu hukimbia, huendesha baiskeli, hufanya mazoezi ya pamoja, na wahudumu wa afya huwapima shinikizo la damu na sukari papo hapo. Ni kweli kwamba Kigali ina mamlaka yenye amri nzito na wakazi waliozoea umuganda, yaani kazi ya pamoja ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi, kwa hiyo barabara ikifungwa hufungika. Dar es Salaam haina nidhamu ya aina hiyo, na sidhani tunapaswa kuitamani yote. Lakini kitu kimoja cha Kigali kinachukulika bila kuchukua kingine: siku inajulikana, na inarudi.

Na Dar es Salaam haianzi mikono mitupu. Alfajiri za mwisho wa wiki, vikundi vya jogging vya uswahilini huingia barabarani kwa sare, wakiimba nyimbo za mchakamchaka, mbele yao mtu mwenye filimbi na kitambaa chekundu akiyasimamisha magari kwa ujasiri wake tu. Hawa wameshajifungia barabara wenyewe, bila kibali na bila askari wa trafiki. Anayedai kwamba wananchi hawana hamu na jambo hili hajaamka mapema Jumapili. Kinachokosekana ni ulinzi, kwa sababu kitambaa chekundu hakizuii lori lililokatika breki.

Hapa natofautiana na watetezi wengi wa shughuli hizi, ambao hoja yao ya kwanza huwa ni afya. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na kwa karani anayeshinda kitini hoja hiyo ni nzito. Lakini mama anayetoka Tandale na beseni la samaki kichwani hahitaji kuhimizwa kutembea. Anatembea kila siku, pembezoni mwa lami, juu ya mfereji, huku bodaboda zikimpita ubavuni. Anachohitaji ni nafasi. Mji wetu umewapa nafasi ndogo kuliko wote watu wanaotembea kuliko wote, na hiyo kwangu ndiyo sababu ya kufunga barabara: mara moja kwa mwezi lami hiyo igawanywe kwa hesabu nyingine, na wenye kupanga bajeti waione hesabu hiyo kwa macho.

Ndiyo maana sitaki ianzie ufukweni Oysterbay, ambako upepo wa bahari upo na wakazi wana nyua pana. Mtoto wa Manzese anajifunza baiskeli ya kukodi kwenye uchochoro wenye maji machafu, na akitokeza barabara kubwa anaweka roho rehani. Ianzie karibu naye.

Pingamizi zipo, na nyingine ni nzito. Dereva wa daladala ana hesabu ya kupeleka kwa tajiri jioni, na tajiri hapunguzi kwa sababu watu wanakimbia. Waumini wanawahi ibada. Wagonjwa hawachagui siku. Lakini pingamizi kubwa kwangu ni ya ramani: Bogotá ina mitaa mingi inayokwenda sambamba, ilhali Dar es Salaam inategemea barabara kuu chache zinazotoka mjini kama vidole vya kiganja. Ukifunga Morogoro au Kilwa, umefunga nusu ya mji. Hizo zisiguswe.

Sinza ni tofauti. Ni eneo lililopimwa viwanja na kuwekewa mitaa katika miaka ya 1970, hivyo magari yakitolewa Barabara ya Shekilango inayopita hapo, yana pa kupita ndani. Upande wa Barabara ya Morogoro kipo kituo cha mabasi ya mwendokasi, na mtu wa Kimara anaweza kufika bila gari lake. Manzese na Tandale ni mwendo wa miguu. Jumapili asubuhi, baada ya starehe za Jumamosi usiku, barabara ile huwa imetulia. Makutano yabaki wazi chini ya trafiki, njia ya kwenda hospitali iachwe, na daladala zipewe mchepuko unaotangazwa mapema badala ya kusimamishwa.

Liko jambo moja linalonitia hofu. Mwaka 2021 machinga waliondolewa pembezoni mwa barabara za jiji hili, na wengi hawajasahau. Ikiwa Jumapili hiyo itakuja na mgambo wa kumwaga sufuria za uji na kubeba meza za vitumbua, itakuwa sherehe ya wachache na nitaipinga. Wauzaji wapewe nafasi kwanza, wakae upande uliopangwa, wasilipishwe ushuru mpya.

Pia watu wahesabiwe. Wangapi walipita kwa miguu, wangapi kwa baiskeli, wanawake wangapi, watoto wangapi, na walivukia wapi. Palipovuka wengi ndipo pachorwe zebra na kujengwa njia ya miguu isiyoegeshewa magari. Manispaa ya Ubungo inaweza kuanza kwa majaribio ya miezi sita, Jumapili ya kwanza ya kila mwezi, kuanzia saa kumi na mbili hadi saa nne asubuhi, kwa ratiba itakayobandikwa kwenye ofisi za serikali za mitaa, makanisani, misikitini na vituo vya daladala mwezi mzima kabla ya Jumapili ya kwanza.