Urembo wa Gari na Pafu la Fundi

Chombo cha moto hutoka kiwandani kikiwa sawa na wenzake maelfu. Sura yake ya pekee hutiwa na fundi. Jijini Nairobi, matatu huvalishwa rangi, taa na michoro hata abiria akachagua gari kwa uzuri wake. Katika jiji hilohilo lilianza, mwaka 1970, shindano la magari na pikipiki liitwalo Concours d'Elegance, ambamo waamuzi hukagua rangi, injini, viti na hata uvungu wa gari. Huku kwetu Mkoa wa Songwe, katika maeneo kama Itaka wilayani Mbozi, tamaa hiyohiyo huonekana zaidi kwenye pikipiki: keria iliyochomelewa ili ibebe gunia la kahawa, ngao ya chuma mbele, tangi lililopigwa rangi upya. Ni tamaa njema, na ni riziki ya vijana wengi.

Wako wanaoiona kuwa uhuni wa kupigwa marufuku. Historia haiwaungi mkono. Huko California, miaka ya 1930 na 1940, vijana walinunua magari makuukuu ya Ford, wakayavua mabawa ya magurudumu, wakaziongezea injini nguvu na kushindana kwenye maziwa yaliyokauka na hata barabarani. Magari hayo yakaitwa hot rod. Mwaka 1951 Wally Parks na wenzake waliunda chama cha NHRA, kilichoyapa mashindano kanuni, ukaguzi na viwanja. Ufundi ule haukufa, ulikua. Nchini Kenya, kanuni za mwaka 2004 zilileta mikanda ya usalama na vidhibiti mwendo katika matatu, pamoja na mstari wa manjano ubavuni. Michoro ikasukumwa pembeni hadi Rais Uhuru Kenyatta alipoiruhusu tena mwaka 2014. Marufuku haikuua sanaa ile.

Lakini tazama ni nani aliyelindwa na kanuni hizo. Kule Marekani alilindwa dereva. Kenya alilindwa abiria. Fundi aliyekipamba chombo hakukumbukwa. Hilo ndilo pengo ninalotaka lizibwe, na naamini linaanza kuzibwa katika chumba cha daktari.

Rangi nyingi za magari zinazong'aa huchanganywa kutoka makopo mawili, na kopo la pili, lenye dawa ya kukaushia, mara nyingi huwa na kemikali ziitwazo isosaianeti. Zikipulizwa, huingia mapafuni na zinaweza kusababisha pumu kwa mtu ambaye hakuwahi kuugua pumu. Mwili ukishazizoea kwa ubaya, hata kiasi kidogo sana kinaweza kuleta shambulio kali. Barakoa ya kitambaa haizuii mvuke huo.

Kuchomelea nako kuna hila zake. Fundi akichomelea bomba au bati lililopakwa zinki, saa chache baadaye aweza kushikwa na homa, baridi, maumivu ya misuli na kikohozi, kisha akapata nafuu ndani ya siku moja au mbili. Katika nchi yenye malaria, ni rahisi mtu huyo kupewa dawa ya malaria, akapona kwa sababu ugonjwa wenyewe hupita, kisha dawa ikasifiwa bure. Juma lijalo anarudi na "malaria" yake. Mwingine hutazama cheche bila kioo, na usiku huamka macho yakiwaka kama yametiwa mchanga.

Kwa hiyo nawasihi wahudumu wenzangu: mgonjwa anapokuja na kikohozi, kifua kubana au homa inayorudiarudia, tumwulize mambo matatu. Unafanya kazi gani? Dalili huanza lini baada ya kazi? Je, hupungua siku za mapumziko? Maswali haya hayagharimu hata shilingi. Kipimo cha malaria kifanyike palepale, kwa kuwa fundi naye huumwa na mbu. Lakini kikionesha hana malaria, tusikimbilie kumpa dawa yake. Na pumu ya kazini ikigunduliwa mapema, mgonjwa akaondolewa kwenye kemikali hiyo, nafasi ya kupona huwa kubwa zaidi.

Nawe fundi, maziwa unayokunywa baada ya kazi ni chakula kizuri, ila hushukia tumboni, hayaoshi mapafu. Pulizia rangi mahali pa wazi, ukisimama upande upepo unakotoka, mbali na mama lishe na watoto. Kabla ya kuchomelea, ondoa rangi na zinki kwenye chuma, na usiushike moto bila kioo cha uso. Macho yakiuma, usiyatie maziwa wala maji ya kiazi. Nenda kituo cha afya.

Tanzania ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003. Lakini kijana anayejiajiri chini ya mwembe hana mwajiri wa kumnunulia kinga. Kwake yeye, mwajiri ni mteja. Ndiyo maana mwenye pikipiki anayepatana bei ya rangi hana budi kukubali kuwa gharama ya kinga ni sehemu ya bei hiyo, kama vile msasa na rangi yenyewe. Anayemshusha fundi hadi shilingi ya mwisho huwa ananunua mng'ao kwa pumzi ya mwenziwe.

Waamuzi wa Nairobi huinama kuangalia uvungu wa gari, kwa kuwa uzuri wa juu pekee hauwatoshi. Nasi tuiname zaidi kidogo, tumwangalie aliyelala chini ya gari hilo akilitengeneza: je, anapumua vema?